Amri Hupitia kwa Jirani: Jinsi Tezi Dume Inavyojengwa

Mabibi na mabwana, walimu wangu, wanafunzi na nyote mliofika,

Tezi dume hutajwa inapoanza kusumbua. Mzee anaamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo na mkojo unatoka kwa kusuasua, au kipimo cha damu kimerudi na namba kubwa, ndipo familia inasikia jina la kiungo kilichokaa kimya chini ya kibofu kwa miaka hamsini au zaidi. Mimi leo naianza habari yake upande wa pili, tumboni mwa mama, wakati tezi yenyewe haijakuwepo. Swali nililokuja nalo ni moja: nani huiambia iote? Nimelifundisha swali hili kwa muda mrefu na jibu lake bado linanistaajabisha, kwa sababu amri ya kuota haiendi kwa seli zitakazokuwa mirija ya tezi. Inaenda kwa jirani zao.

Tuanze na eneo. Katika wiki za mwanzo za mimba, chini ya kibofu kinachojiunda, kuna mfereji mfupi utakaokuja kuwa sehemu ya njia ya mkojo. Mwanzoni mfereji wa kijusi cha kike na wa kijusi cha kiume hautofautiani. Ukiukata kwa upana na kuutazama kwenye hadubini utaona ukuta wa tabaka mbili. Ndani kuna seli zilizobanana bila nafasi. Hiyo ndiyo epitheli. Nje kuna seli zilizolegea na kutawanyika. Hiyo ni mesenkima. Naomba myashike majina haya mawili, maana karibu yote nitakayosema yanatokea baina yake. Epitheli itazaa mirija ya tezi na seli zinazotoa majimaji yanayochangia shahawa. Mesenkima itazaa misuli laini na nyuzinyuzi zinazoizunguka mirija hiyo.

Anayeamua kwanza ni jeni moja iliyoko kwenye kromosomu Y, inayoitwa SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990 na watafiti wa London. SRY huiwasha jeni nyingine, SOX9, na tezi changa ya uzazi ambayo ingeweza kuwa ovari ikawa korodani. Kazi ya SRY katika habari yetu inaishia hapo. Korodani zinapokea zamu: kufikia wiki ya 8 hivi, seli zake za Leydig zimeanza kumwaga testosteroni kwenye damu ya kijusi, na karibu na wiki ya 10 chipukizi za kwanza za tezi dume zinajitokeza kwenye ukuta wa mfereji ule.

Ushahidi kwamba homoni ndiyo yenye kauli ulipatikana Ufaransa, miongo kadhaa kabla SRY haijajulikana. Mwaka 1947 Alfred Jost alichapisha matokeo ya upasuaji ambao hata leo ungemtoa jasho daktari hodari: aliondoa korodani za vijusi vya sungura vikiwa bado tumboni, kisha akaiacha mimba iendelee. Vijusi hivyo vilikuwa vya kiume kwa kromosomu, lakini vilijenga viungo vya uzazi vya kike na tezi dume haikuota. Alipoviwekea testosteroni, ikaota. Na kijusi cha kike kikipewa homoni hiyo kwa wakati unaofaa, nacho huchipua tezi dume. Uwezo uko kwa wote. Tezi za Skene, zilizo kando ya njia ya mkojo ya mwanamke, ni ndugu wa tezi dume kwa asili.

Sasa, testosteroni yenyewe haimalizi kazi. Ikifika kwenye mesenkima ya mfereji ule hukutana na kimeng'enya kiitwacho alfa-ridaktesi ya 5, aina ya 2, ambacho hutengenezwa kwa maagizo ya jeni SRD5A2. Kimeng'enya hicho huibadili testosteroni kidogo tu na kuifanya dihidrotestosteroni, au DHT. Badiliko ni dogo kwa kemia, kubwa kwa mwili: DHT hushikamana na kipokezi chake, yaani protini ya ndani ya seli inayoipokea homoni, kwa nguvu zaidi na huchelewa kukiachia. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza kuhusu familia za Jamhuri ya Dominika ambazo baadhi ya watoto wao walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Walikuwa na korodani, walikuwa na testosteroni ya kutosha, na walipobalehe sauti zao ziliongezeka uzito na misuli ikajengeka. Tezi dume zao zilibaki ndogo maisha yote. Mtu akiniuliza kwa nini nawaheshimu watu waliokubali kuchunguzwa kwenye tafiti, humtajia familia hizo, kwani kutokana na miili yao dunia ilijifunza kwamba tezi dume inaitegemea DHT.

Kipokezi nilichokitaja huitwa kipokezi cha androjeni, yaani cha homoni za kiume, na jeni yake iko kwenye kromosomu X. Zingatieni jambo hilo, kwa kuwa wanaume wana X moja tu: jeni hiyo ikiharibika hakuna nakala ya akiba. Kipokezi kikiwa hakina homoni hukaa nje ya kiini cha seli, kimeshikiliwa na protini zinazokilinda kisijikunje vibaya. DHT ikiingia mahali pake, umbo la kipokezi hubadilika, kinaachana na walinzi wake, kinaingia ndani ya kiini, viwili vinaungana, na hushika DNA kwenye mfuatano maalumu wa herufi. Jeni zilizo chini ya mamlaka ya eneo hilo huwashwa au huzimwa.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko yote katika taaluma hii. Kipokezi kinachohitajika ili tezi iote ni cha seli zipi? Mirija inatokana na epitheli. Kila mtu mwenye akili timamu angedhani homoni inazigonga seli za epitheli na kuziambia zichipue.

Mwaka 1970 Mary Lyon na Susan Hawkes walieleza kuhusu panya wenye kasoro kwenye jeni hiyo ya kromosomu X. Dume wa aina hiyo ana korodani ndani ya tumbo na homoni inazunguka mwilini mwake, ila hakuna seli inayoisikia, na kwa nje anaonekana jike. Tezi dume hana. Kwa binadamu pia hali hiyo ipo, na wanaozaliwa nayo wengi huishi kama wanawake wenye kromosomu X na Y. Panya hao walimpa Gerald Cunha, mtafiti wa San Francisco, kile alichokihitaji: tishu isiyosikia homoni, ambayo angeweza kuiunganisha na tishu inayosikia.

Alichokifanya yeye na wenzake kuanzia miaka ya 1970 ni hiki. Walichukua mfereji wa kijusi cha panya, wakaitenganisha epitheli na mesenkima kwa vimeng'enya na sindano nyembamba chini ya hadubini, kisha wakaziunganisha upya kwa kuchanganya tishu za panya tofauti. Kipande kilichoungwa kilipandikizwa chini ya utando wa figo ya panya dume mzima, mahali penye damu nyingi na homoni tele, kikaachwa kikue. Mesenkima isiyosikia ikiunganishwa na epitheli inayosikia, tezi dume haikuota. Ikigeuzwa, mesenkima yenye kipokezi kizima na epitheli kiziwi kabisa, mirija iliota, ikagawanyika matawi, ikawa tezi.

Naomba mlitafakari jambo hilo kabla sijaendelea. Epitheli isiyo na uwezo wa kuitambua homoni ya kiume ilijenga tezi dume, kwa sababu jirani yake aliitambua kwa niaba yake. Homoni inaongea na mesenkima, na mesenkima inaipelekea epitheli ujumbe mwingine kwa lugha nyingine.

Cunha hakuishia hapo. Alichukua epitheli ya kibofu cha mkojo cha panya mzima, tishu iliyokwisha kuwa kibofu na kufanya kazi ya kibofu, akaiunganisha na mesenkima ya kijusi. Ikageuka kuwa tezi dume, ikatoa na protini za tezi dume. Mwaka 2006 timu ya Melbourne, nchini Australia, iliunganisha seli shina za kiinitete cha binadamu na mesenkima ya panya. Katika wiki 8 hadi 12 walipata tishu ya tezi dume ya binadamu yenye kutoa PSA, ile protini inayopimwa kwenye damu hospitalini. Mesenkima ya mnyama mdogo iliamrisha seli za binadamu, zikaelewa. Kwangu mimi hiyo ni alama ya jinsi lugha hii ilivyo ya kale.

Kuna kipande cha jaribio la kwanza ambacho husahaulika, nacho ni cha maana. Tezi iliyoota kutoka kwa epitheli kiziwi ilikuwa na umbo la tezi dume, ila haikutoa protini za majimaji yake. Kwa hiyo kipokezi cha epitheli nacho kina kazi, ya baadaye: kuota na kugawanya matawi huamriwa na jirani, kutoa majimaji huhitaji epitheli yenyewe iisikie homoni. Tutairudia tofauti hii tutakapofika kwenye saratani.

Ujumbe wenyewe ni upi, basi? Ni protini ndogondogo ambazo seli huzitoa na seli ya karibu huzipokea. Ya kwanza kutajwa ni FGF10. Hutolewa na mesenkima, nayo epitheli ina kipokezi chake, FGFR2. Panya aliyezaliwa bila jeni ya FGF10 hufa punde tu, kwa kuwa mapafu yake hayajajengeka, na hilo latuonyesha kwamba mwili hutumia protini hiyohiyo kujenga viungo mbalimbali. Watafiti walipouchukua mfereji wa panya kama huyo na kuupandikiza ili uendelee kukua, tezi dume haikujengeka hata homoni ilipokuwepo.

Mazungumzo hayaendi upande mmoja. Epitheli nayo hutoa protini iitwayo SHH, inayopokewa na mesenkima na kuziamsha humo jeni za kundi la GLI, ambazo hubadili mwenendo wa mesenkima na ujumbe inaourudisha. Kisha kuna breki. BMP4, inayotolewa na mesenkima, huzuia epitheli isichipue ovyo. Panya mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo badala ya mbili huwa na ncha nyingi zaidi za mirija katika baadhi ya sehemu za tezi. Na breki ina kizuizi chake, protini iitwayo Noggin, ambayo hushikana na BMP4 na kuinyamazisha pale chipukizi linapotakiwa kutokea. Panya dume wasio na Noggin hukosa chipukizi za upande wa tezi unaoelekea tumboni. Protini za familia ya WNT nazo zimo, zikisaidia kuamua seli ipi igawanyike na ipi itulie. Umbo la tezi, yaani mrija unaishia wapi na unagawanyika wapi, linatoka kwenye mvutano wa hizi zinazosukuma na hizi zinazozuia.

Kuota ni jambo moja. Kujua wewe ni nani ni jambo jingine. Mapafu, matiti na tezi za mate vyote hugawanya matawi kwa protini zinazofanana na hizi. Kinachoifanya tezi dume iwe tezi dume ni jeni zinazoamka ndani ya epitheli baada ya kupokea ujumbe, na iliyo mbele ni NKX3.1. Kwa panya huonekana kwenye maeneo ambayo chipukizi zitatokea hata kabla hazijatokea. Bila jeni hiyo tezi inaota, ila matawi ni machache, protini za majimaji zinapungua, na baadaye seli za ndani ya mirija zinaanza kurundikana. Mwaka 2016 timu ya New York ilionyesha nguvu yake kwa njia iliyonifurahisha sana: waliiwasha NKX3.1 ndani ya epitheli ya vifuko vya shahawa, tishu yenye asili tofauti kabisa, na ilipounganishwa na mesenkima ya kijusi ikachukua sura ya tezi dume. Pamoja na NKX3.1 hufanya kazi FOXA1, inayoifungua DNA iliyokunjwa ili kipokezi cha androjeni kipate pa kushika, na HOXB13, ya familia ya jeni zinazoziambia seli ziko sehemu gani ya mwili kuanzia kichwani kwenda chini.

Yanayofuata nitayapitia haraka. Chipukizi huwa nguzo za seli zisizo na uwazi, kisha hutoboka katikati na kuwa mirija. Ndani yake seli hugawana kazi: zilizo upande wa uwazi hutoa majimaji, zilizo chini yake hushikilia msingi, na chache zilizotawanyika hutoa kemikali za kuwasiliana na seli nyingine. Homoni hupanda tena kidogo katika miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa, halafu hunyamaza hadi kubalehe, ambapo tezi hukua hadi kufikia gramu 20 hivi, ukubwa wa mtu mzima. Jambo moja tu nitasimama nalo: uwezo wa kujengwa upya hauishi. Panya mzima akiondolewa homoni, tezi yake hupoteza takriban asilimia 90 ya seli zinazotoa majimaji. Akirudishiwa, zinaota tena, na mzunguko huo unaweza kurudiwa mara nyingi.

Hivyo tumefika uzeeni, na mtaona kwa nini nimepita njia ndefu. John McNeal, mtaalamu wa Marekani aliyetufundisha kuigawa tezi dume kwa kanda, alitoa mwaka 1978 fikra ambayo mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Aliona kwamba uvimbe wa kawaida wa tezi dume, ule usio saratani, huanzia kwenye eneo dogo linaloizunguka njia ya mkojo, na kwamba mirija inachipua humo upya, kama ilivyokuwa kwenye kijusi. Akapendekeza kwamba mesenkima ya mtu mzima katika eneo hilo imeamka na kurudia kuamrisha. Uchunguzi wa tishu za waliofariki ulikuta dalili za uvimbe huo kwa karibu nusu ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60. Mwanamume mwenye hali hiyo hajafanya kosa lolote. Mwili wake umeufungua tena mpango ule uliomjenga.

Na tiba imetoka mlemle. Finasteride, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa uvimbe huo, huzuia alfa-ridaktesi ya 5, kimeng'enya kilekile walichokosa watoto wa Jamhuri ya Dominika. DHT hushuka na tezi hupungua ukubwa kwa takriban asilimia 20. Kwa wauguzi na madaktari waliopo nakumbusha kwamba dawa hiyo hushusha PSA hadi karibu nusu, kwa hiyo namba nzuri ya mgonjwa anayeitumia isiwadanganye.

Saratani ni habari nyingine, ingawa wahusika ni walewale. Huanzia kwa kawaida ukanda wa nje wa tezi. Kipande cha kromosomu ya 8 kinachobeba NKX3.1 ni miongoni mwa vinavyopotea mapema. HOXB13 nayo imo: mwaka 2012 ilionekana kwamba badiliko moja la kurithi katika jeni hiyo, G84E, huongeza hatari katika familia zenye asili ya Ulaya, na baadaye badiliko jingine, X285K, likatambuliwa kwa wanaume wenye asili ya Afrika Magharibi. Kwa hiyo mwanamume mwenye baba au kaka aliyeugua ana sababu ya kweli ya kumwambia daktari wake mapema.

Lakini linalonishtua zaidi ni jinsi amri inavyobadili njia. Kumbukeni tofauti tuliyoiona kwa Cunha: katika tezi yenye afya, kukua huamriwa na jirani, na kipokezi cha epitheli hushughulikia kutoa majimaji. Katika saratani, kipokezi cha androjeni kilichomo ndani ya seli ya epitheli huanza kuamrisha kukua moja kwa moja. Ndiyo maana Charles Huggins wa Chicago alipowaondolea wagonjwa wake homoni na kuchapisha matokeo mwaka 1941, saratani ilirudi nyuma. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Na ndiyo maana saratani nyingi baadaye hurudi: seli huongeza nakala za jeni ya kipokezi, au hujitengenezea androjeni zenyewe. Dawa kama abiraterone, inayozuia androjeni zisitengenezwe, na enzalutamide, inayokizuia kipokezi chenyewe, zinaendelea kuifuata njia hiyohiyo humo humo.

Jirani naye hajatoka kwenye habari. Mwaka 1999 Cunha na wenzake walichukua seli za epitheli ya tezi dume ya binadamu zilizokuwa zimeanza kubadilika lakini hazijawa saratani. Walipoziunganisha na seli za tishu ya kando kutoka kwenye tezi ya kawaida, hazikuleta madhara makubwa. Walipoziunganisha na seli za kando zilizotoka kwenye saratani, zikakua kuwa uvimbe mkubwa. Seli za epitheli zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni nani aliye pembeni yake. Kwa wanafunzi wanaotafuta swali la kufanyia utafiti, mimi ningeanzia hapo, kwa kulinganisha ujumbe wa mesenkima ya kijusi na ule wa tishu inayoizunguka saratani, protini kwa protini, kuona ni FGF ipi imerudi, ni breki ipi imetoweka, na kama kuna ujumbe wa kijusi unaoweza kuifundisha seli ya saratani kutulia.

Asanteni kwa kunisikiliza. Karibuni kwa maswali.